Kwandu Aliyemnyima Mgeni Maji

Kwandu alimnyima mgeni maji. Habari hiyo imetembea mbali, imefika Lamadi kwa wauza samaki, imefika Kiloleli mnadani, na kila ilipopita imetiwa chumvi. Wapo wanaosema alimmwagia mgeni maji usoni. Uongo mtupu. Hayo maji ya kumwagia mtu angeyatoa wapi? Basi isimuliwe ilivyokuwa, na atakayemlaani baada ya hapo amlaani akijua anachokilaani.

Ni mwanamke wa Mwalugoye, kijiji cha wakulima wa pamba nje ya mji wa Bariadi. Hakuzaliwa hapo. Kwao ni Mwamanyili, kule Busega, ambako mtu akiamka analiona ziwa, na maji si jambo la kuzungumza. Marehemu Ndaki alimwoa kwa ng'ombe wengi, baba yake akasifiwa kwa kupata mkwe mwenye zizi. Hakuna aliyemwambia binti kwamba ng'ombe wale wanakunywa kwa tabu na kwamba yeye atakunywa baada yao. Siku ya kwanza alipopelekwa kuchota aliwauliza wenzake mto uko wapi. Walicheka mpaka wakakaa chini. Walikuwa wamesimama ndani yake.

Mto wenyewe ni mchanga. Kuanzia mwezi wa saba mpaka mvua zirudi, wanawake wa Mwalugoye wanachimba mashimo humo na kukomba maji yanayotoka kidogokidogo chini. Kadiri kiangazi kinavyokaza ndivyo shimo linavyozidi kwenda chini, hadi anayechota haonekani tena kichwa. Mwaka juzi ukingo ulimporomokea Milembe, mke wa mtoto mkubwa wa Kwandu. Wakamfukua kwa mikono na mabeseni, akatoka hai, lakini nyonga yake haikurudi sawasawa. Leo ni mwanamke kijana anayetembea akijivuta, na akiinama kufagia unamsikia anavyoguna.

Tangu siku hiyo ukitaka kugombana na Kwandu, taja maji. Katekista alipotangaza sala za kuombea mvua, Kwandu alisimama kanisani, mbele za watu, akamwambia aombee pampu. Mvua inajua majira yake, alisema, ni pampu iliyopotea njia. Watu walicheka. Yeye hakuwa anatania hata kidogo.

Sasa, mwaka jana kiangazi kikiwa katikati, mwenyekiti wa kijiji, Shigela, ambaye ni mdogo wake marehemu Ndaki, aliitisha mkutano. Alisema serikali inaandaa mkakati wa maji wa taifa zima, wa miaka mingi mbele, mpaka hawa walio mgongoni mwa mama zao watakapokuwa na watoto wao. Wataalamu wanapita kuangalia hali vijijini. Kijiji kitakachoonekana kina shida kubwa kitawekwa mbele, bomba la kutoka ziwani lifike kwanza huko. Kijiji kitakachoonekana hakijambo kitasubiri. Na Mwalugoye imechaguliwa kutembelewa.

Mwingine angedhani watu wa Mwalugoye wangekaa na kupanga namna ya kuonyesha shida yao. Wapi. Walisikia neno moja tu, wageni. Na Msukuma akisikia wageni wanakuja, akili zote zinahamia kwenye kuku, mchele na maji. Mgeni akute mtungi mkavu? Hiyo ni aibu ya ukoo mzima, aibu ambayo watoto wako watakuja kutaniwa nayo harusini. Wanawake wakashinda mtoni siku nzima na kesho yake wakarudi tena. Mapipa yakapangwa nyumbani kwa Shigela, yakajazwa yakafurika. Watoto walikwenda shule hawajanawa nyuso. Na aliyekuwa akisimamia hayo yote, akiwafokea wavivu, akipanga zamu, ni nani? Ni Kwandu mwenyewe.

Wageni walikuwa wawili. Mkubwa wao alikuwa mhandisi Eliaichi, mwanamke wa Kilimanjaro, mpole, mwenye heshima zake. Mwenzake aliitwa Abdulrazak, wa Tanga. Wakalala kijijini. Eliaichi alipashiwa maji ya kuoga jioni, na asubuhi akapashiwa mengine. Abdulrazak, kila saa ya swala ilipofika, aliletewa ndoo nzima ya kutawadhia. Walipokuwa wakila, Eliaichi aliuliza kuhusu hali ya maji hapo kijijini. Lakini nani anamwaga matatizo yake mbele ya mtu mwenye tonge mkononi? Shigela akajibu kama mtu anavyojibu salamu, kwamba wanamshukuru Mungu, mgeni asiwe na wasiwasi, ale. Wageni waliondoka wakishukuru, na Kwandu akarudi nyumbani anatembea kwa maringo.

Wiki chache baadaye aliitwa Bariadi kwenye warsha ya wadau, kuwakilisha wanawake wa kijiji. Ukumbi ulikuwa umejaa maofisa, na ukutani waliwasha ramani ya mkoa. Vijiji vyenye uhaba vilikuwa vyekundu, vyenye nafuu vilikuwa vya buluu. Abdulrazak akaeleza kwamba vyekundu vitaingia awamu ya kwanza, na vya buluu awamu ya mwisho, kuelekea mwaka elfu mbili na hamsini. Kwandu akamwomba kijana aliyekaa jirani amwonyeshe Mwalugoye. Ilikuwa ya buluu.

Alisimama bila kunyoosha mkono. "Nani amewaambia sisi tuna maji?"

Mwenye kuongoza kikao alitaka kumkalisha, Eliaichi akamzuia. Alimjibu taratibu, bila dharau, na hilo ndilo lililouma zaidi.

"Mama Kwandu, si nililala kwenu? Nilioga jioni, nikaoga asubuhi. Mapipa niliyaona kwa macho yangu yamejaa. Mwenzangu alitawadha kwa ndoo nzima. Nikauliza kama kuna shida, mkaniambia nisiwe na wasiwasi. Ungekuwa wewe ungeandika nini?"

Kila alichokisema yule binti kilikuwa kweli. Kwandu alikaa, na hasira aliyokuwa ameibeba kutoka nyumbani ili awamwagie maofisa ikamgeukia mwenyewe. Milembe alikuwa amejivuta mpaka mtoni kujaza yale mapipa. Yeye ndiye aliyemtuma. Walikuwa wamebeba maji kichwani ili kumthibitishia mgeni kwamba hawana shida ya maji. Ujinga gani huu, alijiuliza. Tena ujinga wa kujivunia.

Kabla ya kutoka, Eliaichi alimfuata mlangoni. "Rasimu bado haijafungwa, mama. Tutapita tena kuhakiki. Kama kuna kitu sikukiona, safari hii nionyeshwe."

Mtu mwenye akili akiambiwa hivyo anafurahi. Shigela aliposikia wageni wanarudi alisema, "Basi mapipa yajazwe."

"Shemeji," Kwandu alimwambia, "wewe unanisikia ninavyosema au unaniangalia tu? Yale mapipa ndiyo yaliyotupaka buluu."

"Shida tutawaeleza kwa mdomo. Wakishakula."

"Watamwamini nani, mdomo wako au pipa lako?"

"Mayu, mama yangu, sikiliza. Mimi ni mwenyekiti. Mgeni hawezi kuja kwangu akakosa maji ya kunawa. Nitawatazamaje wenzangu? Hata bomba lenyewe lije kesho, siwezi."

Na alikuwa anasema kweli, hakuweza. Kwandu alizunguka nyumba kwa nyumba akiwaambia wanawake wasiende mtoni kwa ajili ya wageni. Wengi walikubali, lakini walikubali wakiangalia chini, kama watu walioambiwa wakaibe. Shigela naye akawatuma mke wake na binti zake, wakajaza pipa moja, wakalifunika vizuri na kuliweka uani.

Asubuhi ya uhakiki Kwandu alifika kwa shemeji yake mapema. Ndama walikuwa wamefungwa, wanalia kwa kiu. Aliwafungulia, akawafunulia pipa. Walikunywa mpaka matumbo yakawa magumu, na Shigela alipotoka ndani alimkuta ndama wa mwisho ameingiza kichwa chote. Atasema nini? Msukuma hamgombezi mtu kwa kuwanywesha ng'ombe wake. Na honi ya gari ilikuwa inasikika barabarani.

Wageni waliketishwa sebuleni, chakula kilichopikwa kwa maji ya mwisho ya mtungi kikaletwa. Kumnawisha mgeni ni kazi ya mama mwenye umri katika ukoo, na hapo alikuwa Kwandu, mke wa kaka mtu. Aliingia na beseni mkono mmoja, birika mkono mwingine, akapiga magoti mbele ya Eliaichi kama ipasavyo.

"Mwangaluka, mama," Eliaichi alimsalimu, akitabasamu. Alikuwa amejifunza neno hilo safari iliyopita. Akanyoosha mikono juu ya beseni.

Kwandu akainamisha birika. Halikutoa hata tone. Akaliinamisha zaidi.

"Mayu, birika halina kitu," Shigela alisema kwa sauti ya mtu anayeumwa.

"Najua." Kwandu hakumtazama. Alichokuwa akikifanya, mama yake mzazi asingeweza kukifikiria. "Mwanangu, mara ile ulioga maji ya watu wasiooga. Niliyatoa kwenye nyumba zao ili nikupendezeshe wewe, na mkwe wangu mwenye nyonga mbovu nikamtuma mtoni. Leo sikumtuma. Kwa hiyo hakuna maji. Hatuna. Hatujawahi kuwa nayo. Hicho ndicho ambacho hukukiona."

Eliaichi alibaki na mikono yake juu ya beseni kavu, kisha akairudisha mapajani polepole. Kuku alipoa, wali ukapoa, hakuna aliyeweza kugusa. Mwishowe Eliaichi akasema, "Nipelekeni mnakochota." Wakaenda wote, na alisimama juu ya shimo muda mrefu, akamtazama mwanamke aliye chini akikwangua mchanga kwa kata, na hakuuliza tena lile swali aliloliuliza akiwa na tonge mkononi.

Rasimu ilipofungwa Mwalugoye ilikuwa nyekundu. Awamu ya kwanza. Shigela aliitangaza mkutanoni na watu wakapiga makofi, wakapiga vigelegele, wakakipongeza kijiji. Jina la Kwandu halikutajwa. Lilitajwa wiki iliyofuata, wazee walipomwita.

Walimwambia wanafurahi kwa bomba, lakini bomba ni jambo moja na mgeni ni jambo jingine. Amemnyima mgeni maji, tena akiwa amepiga magoti. Habari imefika mpaka Lamadi, na watu wa Mwalugoye wanatukanwa njiani. Aombe radhi mbele ya ukoo. Asipoomba, hakuna atakayemsalimu, hakuna atakayekwenda naye mtoni.

Kwandu aliwasikiliza mpaka mwisho. "Nimekosa wapi?" aliuliza. "Nimemnyima nilichokuwa nacho? Nyinyi mlikuwa radhi muandikwe wenye maji mpaka wajukuu zenu wazeeke, ili mradi msiaibike siku moja mbele ya wali. Milembe alipofukiwa mchangani hamkuitana wazee. Hiyo haikuwa aibu. Bomba likifika mlangoni kwangu nitamwita yule binti wa watu, nitapiga magoti, nitamnawisha mpaka viwiko, na hapo nitaomba radhi. Kwake, si kwenu."

Akaondoka. Wazee wakapitisha walichopitisha.

Bomba halijafika. Awamu ya kwanza nayo ina miaka yake, kwanza upimaji, kisha usanifu, kisha fedha. Kiangazi cha mwaka huu mashimo yameshakwenda chini kuliko urefu wa mtu, na shimo la namna hiyo linataka watu wawili, mmoja chini wa kuchota, mmoja juu wa kuvuta ndoo na kuangalia ukingo usiporomoke. Kwandu anakwenda peke yake, Milembe hamtumi tena. Anashuka, anajaza ndoo, anapanda nayo akijishika kwenye mchanga, anamimina kwenye dumu, anashuka tena. Pembeni yake wanawake wa Mwalugoye, wale wote walioandikwa awamu ya kwanza, wanavutiana ndoo zao wawili wawili na kumpa mgongo. Akiwa chini hawamwoni. Ukingo ukiporomoka leo hakuna atakayejua.