Seva ya Changamwe na Doti Niliyoikata

Jambo zima lilikula shilingi elfu mbili na mia nne, nauli mbali. Nimehesabu mara mbili, na mara zote mbili imekuja hivyo hivyo. Lingekwisha kwa elfu moja na mia tano, lau si mimi niliyetumwa dukani.

Miaka ya tisini ilikuwa ikielekea ukingoni. Nilikuwa nimeajiriwa Changamwe, katika kampuni ndogo iliyowauzia mawakala wa bandarini intaneti, wakati wengi wao wakiamini kuwa faksi inatosha. Kazi yangu ilikuwa kuiangalia seva, kompyuta moja iliyokaa juu ya meza yenye mguu mmoja mfupi, na ambayo ndiyo iliyohifadhi kurasa za wateja wetu kumi na tisa. Wa ishirini hakuwa akilipa. Huyo alikuwa mama yangu mdogo, nduguye mamangu, mwenye nyumba ya wageni ya vyumba vinne kule Mjambere.

Vyumba vile vilikuwa vitupu misimu miwili. Jirani yake, mwenye duka la saruji, alitaka akodishiwe nyumba yote aifanye ghala, naye mama mdogo ahamie chumba kimoja kwa bintiye Utange. Tumaini lililobaki lilikuwa wakala mmoja wa ng'ambo, mwenye walimu wanane wa kujitolea, wawili wawili kila chumba, kwa miezi mitatu. Wakala huyo hakutaka barua wala simu. Alitaka kila mwalimu ajaze fomu mwenyewe kwenye ukurasa wa nyumba. Kama fomu haifanyi kazi kufikia Ijumaa, alisema, anawapeleka pengine.

Fomu nilikuwa nimeshaiandika. Tatizo ni kwamba seva peke yake haijui kusoma fomu. Inajua kuonyesha kurasa tu, na ili isome kilichojazwa ni lazima iongezewe vipande vya programu ambavyo inaviita kila fomu inapotumwa. Mwenye kampuni akanipa elfu moja na mia tano nikanunue diski mbili mjini, moja ya programu mpya ya seva na ya pili ya vipande vyake.

"Zote mbili elfu na mia tano," muuzaji akasema. "Hapo sishuki, wallahi."

"Na moja?"

"Moja siuzi. Zinakwenda pamoja."

"Kwani zimeoana?"

Tulivutana mpaka chai yake ikapoa. Mwisho akaniachia ile ya seva kwa mia nane, akanitazama kama mtu aliyeibiwa na mwizi mwenye risiti. Ya pili nilimwachia, kwa sababu nilimjua mtu mmoja Kisauni aliyeuza diski pamoja na kaseti za taarabu. Huyo alikuwa nayo kwa mia nne. Jina juu yake lilikuwa lile lile.

"Ni ile ile?" nikamuuliza.

"Ile ile, ndugu yangu. Kwani programu ni samaki, ati ya jana inanuka?"

Nikaona nimeokoa mia tatu. Mia tatu hiyo haikurudi kwa mwenye kampuni. Iligeuka nyama na betri za redio siku ile ile.

Jumatatu nikaweka kila kitu kwenye mashine. Kurasa zote zikafunguka vizuri. Nikaijaza fomu ya mama mdogo, nikaituma, ukaja ukurasa mweupe wenye maneno machache ya Kiingereza: kuna hitilafu ndani ya seva. Basi.

Seva ina daftari lake inamoandika makosa. Nikalifungua, nikakuta mstari unaosema imeshindwa kupakia kipande, faili halipo. Kumbe nilikuwa nimeielekeza kwenye folda siyo. Nikarekebisha, nikaizima seva na kuiwasha, nikatuma fomu. Ukurasa mweupe. Nikarudi kwenye daftari: imeshindwa kupakia kipande. Nikasema ni lile lile, sikuusoma mstari zaidi.

Jumanne na Jumatano zikaenda hivyo. Nilihesabu faili za vipande kwenye diski, thelathini na moja. Nikahesabu kwenye mashine, thelathini na moja. Nikarudia kuhesabu kote kuwili. Nikakagua ruhusa, labda seva imezuiwa kuzisoma, haikuzuiwa. Kila nilipojaribu kitu ilibidi niizime seva, na wateja kumi na tisa wazimike nayo. Kufikia Jumatano jioni nilikuwa nimeizima mara tisa, na wakala mmoja wa bandarini akapiga simu kuuliza kama tunalipwa kwa kuwasha au kwa kuzima.

Alhamisi asubuhi mama mdogo akaingia ofisini mwenyewe, ametoka Mjambere kwa magari mawili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fomu yangu iko wapi?"

"Iko. Ila haisomeki."

"Basi haiko." Akavuta kiti, akaketi. "Jana mtu wa saruji kaja na futi. Kanipimia sebule, anahesabu kwa sauti itaingia mifuko mingapi. Mimi nimesimama pale na birika la chai mkononi, kama mgeni ndiye mimi."

Nikajitia kusafisha meza. Juu yake zilikuwapo diski zote mbili. Akaziokota, akaziweka moja juu ya mwenziwe, akazigeuza.

"Hizi ni doti?"

"Ni programu, mama, si kanga. Hii ya seva, na hii ya vipande vyake."

"Nina macho. Nakuuliza, umezinunua mahali pamoja?"

Nikajikuta natazama ule mguu mfupi wa meza.

"Umekata doti!" Akapiga makofi mara moja. "Hebu nambia, hukumbuki harusi ya dadako? Yule alokuja kavaa moja, kajitanda ya duka jingine, akidhani hatutamjua? Ua lile lile, rangi ile ile, jina lile lile. Pindo ndiyo iliyomsema. Mbona hukutazama pindo?"

Kila mwanamke wa pwani anajua kuwa doti ni kanga mbili zilizotoka kwenye kitambaa kimoja, na kwamba ukichanganya za vitambaa viwili, mbele za watu utajulikana. Hilo mimi pia nililijua. Sikulijua la diski. Lakini neno la pindo lilinirudisha kwenye daftari la makosa, kwa sababu mistari yake ni mirefu kuliko kioo, na mimi siku tatu nilikuwa nasoma mpaka kioo kinapoishia.

Nikausogeza mstari upande, mpaka mwisho wake. Kulikuwa na namba mbili. Ya kwanza ni toleo ambalo seva inalitaka, ya pili ni toleo la kipande kilichopo. Hazikulingana. Vipande vyote thelathini na moja vilikuwa vizima, vimekaa mahali pake, na vilikuwa vya seva ya zamani. Yule wa Kisauni aliniuzia samaki wa jana.

"Kanunue mwenziwe," mama mdogo akasema. "Mwambie mkubwa wako."

"Mkubwa..." nikaanza.

"Alikupa ngapi? Ukalipa ngapi?" Hakungoja jibu. Kuhesabu kwetu ni kwa ukoo. Akafungua fundo la kanga yake, akatoa noti, akazihesabu, akazihesabu tena. Elfu moja na mia mbili. "Nilizitenga za mkokoteni wa kuhamia Utange. Nenda."

Nilifanya kosa la kuingia kwa muuzaji noti zikiwa mkononi. Aliziona, na nadhani alizihesabu kwa macho.

"Ile ya pili? Elfu na mia mbili."

"Juzi zote mbili zilikuwa elfu na mia tano!"

"Juzi zilikuwa zimeoana. Leo huyu ni mjane, na mjane mahari yake anapanga mwenyewe."

Ndiyo mara pekee maishani mwangu niliyolipa bei niliyotajiwa.

Nilimkuta mama mdogo bado yuko kwenye kiti. Nikaondoa vipande vya zamani, nikaweka vipya, nikaizima seva mara ya kumi na kuiwasha. Fomu akaijaza yeye, kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, akabonyeza. Ukurasa ukaja na jina lake na shukrani.

Akausoma wote. "Mbona wameniandika kavu, hakuna hata Bi?"

Ijumaa kabla ya swala fomu nane zilikuwa zimeingia. Mtu wa saruji aliambiwa akapime kwingine.

Mwisho wa mwezi nikampelekea mama mdogo elfu moja na mia mbili ndani ya bahasha. Akaisukuma nyuma.

"Pesa sikukukopesha. Nilikutolea doti. Nirudishie doti, nzima."

Nikasema inshallah. Wakati ule pesa hiyo ilikuwa doti nne, nami nikaona nisubiri bei ishuke kidogo. Haikushuka. Juzi nimepita maduka matatu, na elfu moja na mia mbili hainunui hata mbili. Mama mdogo yuko nyumba ile ile, sebule ile ile, na kila Idi nikimwamkia hunijibu marahaba, kisha hutazama mikono yangu.

Basi nanyi mnaojua mambo ya deni na ya kanga, nishaurini. Nimpelekee doti moja, kama alivyotamka kwa mdomo wake, au nne, kama pesa ilivyokuwa siku aliponipa? Na kama ni nne, nielekezeni duka linalompunguzia anayechukua zote pamoja. Sitakata hata moja.