Uyoga wa Ilunga

Harufu ya majani yaliyolowa mvua, ikichanganyika na moshi wa kuni mbichi, hunirudisha kando ya mto Naviundu, enzi mji wetu ukiitwa Elisabethville na ng'ambo ya mto ikiwa pori tupu. Tulikuwa wanafunzi wa sekondari ya misheni. Kila likizo ya mvua Padri alitupeleka huko kujifunza kuwasha moto penye unyevu, kufunga mafundo, kutengeneza machela kwa miti na mashati, na kuongoza wenzetu. Kiongozi hula wa mwisho, alituambia, na kaka yangu Ilunga, kiongozi wa kikosi chetu, alilishika somo hilo hadi akakonda. Nilimwonea fahari, na wivu kidogo pia.

Mwaka ule mvua iliharibu unga wetu wote wa bukari, ugali wa kwetu, na Padri alikuwa ameenda kukagua kambi nyingine. Njaa ilituuma kwelikweli. Ilunga akaingia porini, akarudi na uyoga mweupe, mnene, akasema ni ule ule aliokuwa akiuchuma na mama kule kaskazini, kabla baba hajaja huku kufanya kazi ya reli. Kikosini hatukuwa na mwenyeji hata mmoja wa kumkatalia. Lakini kwetu, uyoga wa ugenini huonjwa na mtu mmoja, wengine wakasubiri hadi kesho yake. Nilijitolea niwe mimi, nikamkumbusha somo la Padri.

“Kwa uyoga, mukubwa njo anakulaka wa kwanza,” alisema. “Ninyi mungoye kesho.”

Alikula, akausifu. Sisi tukalala na njaa, tukimnung'unikia. Alfajiri alikuwa akitapika, hawezi kusimama. Tulifunga machela kama alivyotuonyesha mwenyewe, tukambeba hadi hospitali ya mjini, na hakuna fundo lililolegea. Alifariki kabla ya Jumapili. Mama aliponiona mlangoni alinishika mashavu kwa mikono miwili.

“Na weye, ulikula?”

Nilipotikisa kichwa kukataa, ndipo akaketi chini na kulia.

Leo kando ya Naviundu kumejaa nyumba, na vijana wa shule hufundishwa uongozi ubaoni. Sina ugomvi nao. Ila mvua zikianza, binti yangu akinunua uyoga barabarani, mimi huonja, na nyumba nzima hungoja hadi kesho. Wajukuu hunicheka, husema babu ni mchoyo. Nawaacha wacheke. Nimezeeka, lakini Ilunga, aliyekufa kijana, bado ndiye mkubwa wangu.