Chakula cha Jioni kwa Kiholanzi

Kwetu, mama wa binti huwakaribisha wakwe mezani kwa lugha yao. Mama yangu alifanya hivyo kwa Kirega, lugha ya wazazi wa mume wangu, na zamu yangu ilipofika nikaangukia Kiholanzi. Wazazi wa mchumba wa binti yangu ni Waholanzi waliohamia Kanada zamani, na walikuwa wanakuja kula kwangu Parkdale. Kukaa kimya mbele yao kungekuwa aibu isiyofutika.

Wiki nzima nilitafuna neno moja: avondeten, chakula cha jioni. Nililikata kama ninavyokata maneno yetu, kila silabi iishie kwenye irabu: a-vo-nde-te-ni. Hiyo nde ndiyo niliyoiona rahisi, maana ninayo tangu utotoni, kwenye ndege na ndevu. Binti yangu alinisikia kutoka jikoni, akacheka hadi akashika ukuta.

“Mama, please, just say dinner!”

Miaka yote namsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, halafu leo ananifundisha kusema. Nilichemka.

Wageni wakafika. Nikasimama, nikatoa neno langu. Mama wa kijana hakucheka. Aligonga meza kwa kidole, akanieleza polepole kwa Kiingereza kwamba hayo ni maneno mawili yaliyoshikana: avond ni jioni, eten ni kula. Yatenganishe hapo kwanza, ndipo ukate silabi. Na ile d ya avond ikaushe, isikike kama t. Nikarudia: avont, eten. Akatikisa kichwa kukubali. Nilifurahi, kwa sababu alikuwa amenisikiliza.

Binti yangu akadakia kwa Kiingereza: samahanini, mama hajui Kiholanzi, anajaribu tu.

Kuniombea radhi! Nyumbani kwangu, mbele ya sombe ya majani ya muhogo niliyoitwanga mwenyewe!

“Kwani weye njo kinywa yangu, unisemee?” nikamfokea.

Mama wa kijana hakuelewa maneno, ila hasira aliiona. Akataka kutuliza mambo, akamwomba binti yangu abariki chakula kwa lugha ya mama yake. Wote wakainamisha vichwa.

“Mungu Baba,” binti yangu akaanza, “tunakushukuru kwa… kwa…”

Akafumbua macho, akanitazama. Sala nzima nilikuwa nayo kwenye ncha ya ulimi. Nikafumba macho, nikamwacha atafute.