Mzee Asiyekula kwa Watu

Mtu akikataa chakula chako siku ya kwanza, unasema ameshiba. Siku ya pili unasema labda tumbo linamsumbua. Lakini akatae miaka mitatu mfululizo, tena mtu mnayeongea naye kila siku, mnayecheka naye, akiugua unakwenda kumjulia hali? Jamani! Hapo hata mtakatifu angeudhika, na Loyce hakuwa mtakatifu. Alikuwa mwanamke wa Njombe, mfanyabiashara wa nguo, na kwao Njombe mtu asiyekula kwako amekwisha kukuambia neno, hata kama hajafungua mdomo.

Mtu mwenyewe alikuwa Mzee Isidori. Kwa sura ni Mzungu, ila ukifumba macho ukamsikiliza, ungeapa unaongea na mzee wa Eldoret, na usingekosea, maana huko ndiko alikozaliwa. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliokimbilia Kenya kabla ya vita vya Hitla, wakafuga ng'ombe, na mtoto akakulia kwenye Kiswahili cha wachungaji. Uzeeni biashara ikamfikisha Guangzhou, China. Alikuwa na ghala la zipu na vifungo nyuma ya masoko ya Shahe, akiwauzia mafundi wa Nairobi.

Loyce alimjua siku yake ya tatu mjini. Alikuwa ametua uwanja wa ndege wa Baiyun na begi moja na hofu tele, baada ya miaka ya kuuza mitumba Makambako na kumwachia mama yake mtoto, Teddy. Pale Shahe akachagua jinzi za kike, akalipa, akafungua robota akakuta kaptula za watoto. Laoban, yaani tajiri mwenye duka, akawa anatikisa kichwa tu. Loyce akapiga ukelele: "Mungu wangu, nimekwisha!" Na nyuma yake sauti ikamjibu kwa Kiswahili: "Hujakwisha, mama. Ngoja." Mzee Isidori akasema na yule laoban kwa Kichina, taratibu, bila ugomvi, mpaka robota likabadilishwa.

Sasa mtu kama huyo utamshukuruje? Kwa kumpikia, basi. Jumapili ile Loyce alipika ugali, nyama ya kukaanga na mboga za majani, chumba kizima kikanukia. Mzee akaja, akakaa, akatoa kikombe chake mfukoni, akaomba maji. Chakula hakukigusa. "Asante sana, mama, asante mno," alisema, na macho yake yakaikwepa sahani. Alipoondoka Loyce aliimwaga ile nyama kwa hasira, kisha akajilaumu, maana nyama hainunuliwi kwa kokoto.

Wafanyabiashara wenzake hawakumsaidia. "Anajidai yule," walisema. "Anatuona wachafu." Loyce akawa anamtetea mbele za watu, na moyoni anaumia. Alijaribu wali. Alijaribu maandazi. Sikukuu ya Krismasi alijaribu pilau, na Mzee akaja na kikombe chake, akaimba nyimbo na kila mtu, akanywa maji. Loyce alikuwa mtu wa kukomaa na jambo. Kama alivyomkomalia laoban wa jinzi kwa kila bei, ndivyo alivyosema moyoni kuhusu mzee huyu: kabla hatujaachana, utakula mkononi mwangu, upende usipende.

Halafu, Desemba ya mwaka ule wa kabla ya Olimpiki, Mzee akamwambia anaondoka. Dada yake wa Nairobi ni mgonjwa, na yeye mwenyewe magoti yamechoka. Anafunga ghala, kontena lake la mwisho linaingia bandarini Huangpu Jumatano, na Alhamisi anapanda ndege.

Loyce aliishiwa subira. "Mzee, kabla hujaondoka, nijibu jambo moja. Chakula changu kina nini?"

Mzee akawa mwekundu mpaka masikio. "Chakula chako hakina neno, Mama Teddy. Ni sheria yetu." Akaeleza kwa shida, kama mtu anayekiri deni. Nyama ichinjwe na wao. Nyama na maziwa visikutane. Vyombo visiwe vimepikiwa yasiyofaa. Na hata vyote vikiwa safi, moto wa kupikia lazima uwashwe na Myahudi. "Jumamosi nakula na wenzangu kwenye nyumba yetu ya sala. Siku nyingine, mayai ya kuchemsha na samaki wa kopo."

"Miaka mitatu hukuniambia?"

"Niliona aibu. Mtu amekukaribisha kwa moyo wake, utamwambiaje kwamba sufuria yake haifai?"

Loyce hakujua ampige au amkumbatie. Miaka yote hiyo ameibeba dharau ambayo haikuwepo! Lakini hasira zake huwa hazikai sana kama kuna kazi ya kufanya. "Kumbe linawezekana," alisema. "Wewe unawasha, mimi napika. Chagua chakula."

Mzee akacheka, kisha akaona mwenzake hatanii. Wiki hiyo ilikuwa ya Hanuka, sikukuu yao ya taa, siku nane, na watu hula vitu vya kukaangwa kwa mafuta. Mama yake pale Eldoret alikuwa akikaanga latke, chapati ndogo za viazi vilivyokunwa, kavu pembeni, zinalia ukizitafuna. Kwenye nyumba ya sala zilikuwapo, ila zilifika mezani kwenye trei, zimepoa, zimelegea. "Latke iliyolala si latke," alisema Mzee. "Iliwe ikitoka kwenye mafuta."

"Viazi?" Loyce akashika kiuno. "Unamwambia mtu wa Njombe habari za viazi?"

Maneno ni rahisi, nakwambia. Majaribio ya kwanza, kwenye kikaango chake mwenyewe, yalikuwa aibu tupu. Viazi vilinywa mafuta, vikasambaratika, vikatoka uji wa kahawia. Aliyekula aibu hizo ni Kimani, Mkenya wa chumba cha jirani, mtu mzima mwenye kitambi na biashara ya simu, ambaye hajawahi kukataa sahani ya mtu. "Si mbaya," alisema kila mara, na Loyce akazidi kukasirika. Kiazi cha huku kina maji mengi, alikuja kugundua. Akaanza kukikamua kwa kitambaa mpaka mikono ikafa ganzi, akayaacha yale maji yatulie, akarudisha wanga mweupe uliobaki chini. Hapo ndipo chapati ilipokauka na kulia kama kaukau za viazi za dukani. Kimani alipokula hiyo hakusema "si mbaya." Aliomba nyingine.

Mzee alileta vyombo vipya: kikaango, bakuli, kisu, kikunio, na chupa ya mafuta isiyofunguliwa. Kikaango alikwenda kwanza kukichovya mtoni na kukiombea, kama sheria yao inavyotaka, wavuvi wa ndoano wakamtazama kwa huruma, wakidhani hana maji kwake. Mayai yakavunjwa moja moja kwenye bilauri, yakaangaliwa kama yana damu. Loyce alifuata yote bila kuguna. Kanisani kwao nako kulikuwa na mambo yake, nani angemcheka mwenzake?

Jumatano mchana Mzee akaja amevaa shati la kupiga pasi. Loyce alikuwa na jiko dogo la gesi la mezani, lile la kuzungusha kitufe. Mzee akakizungusha, moto ukashika, bluu, mzuri. Loyce ndiyo kwanza anamimina mafuta, simu ya Mzee ikalia. Lori la kontena limewahi. Makuli wanapakia na mwenye mali hayupo.

"Endelea," alisema Mzee, tayari yuko mlangoni. "Nakwenda na kurudi."

Basi Loyce akaendelea kuchanganya viazi, mafuta yakipata moto polepole. Kimani akaingia, akafuata harufu ya vitunguu kama kawaida yake, na kwa wema kabisa akafungua dirisha ili moshi utoke. Upepo wa Desemba ukaingia. Moto ukapepesuka mara moja, ukazimika.

"Pole," alisema Kimani, na mkono wake ukaenda kwenye kitufe.

Loyce aliupiga ule mkono kofi mpaka Kimani akaruka. "Usiguse!"

"Ai! Si ni kuwasha tu? Mzee aliwasha, ukazimika, unawasha tena. Nani ataona?"

"Hauwashwi na wewe, hauwashwi na mimi. Kaa chini."

Akampigia Mzee simu. Nyuma ya sauti yake makuli walikuwa wanapiga kelele. Dereva amesema lori lisipopakiwa upesi, geti la Huangpu litafungwa, na Mzee hawezi kuliacha mpaka lifike bandarini. "Mama Teddy," alisema, "basi, mama. Tumejaribu. Mungu ameiona nia."

Tumejaribu! Neno hilo lilimchoma Loyce kuliko yote. Alilitazama bakuli, viazi vikianza kubadilika rangi. Kesho mtu huyu anapanda ndege, na atakwenda na njaa aliyokuja nayo. Alitaka kulia, na badala ya kulia akavuta kitoroli chake cha kubebea marobota kutoka nyuma ya mlango.

"Kimani, shika kikaango. Mafuta yasimwagike."

"Tunakwenda wapi?"

"Kama mwenye moto haji, tunamfuata."

Wakashuka. Jiko juu ya kitoroli, bakuli juu ya jiko limefunikwa kwa kitambaa, na Kimani nyuma amekumbatia kikaango na mafuta yake ya vuguvugu kama anabeba mtoto wa ubatizo. Shahe saa zile huwa hakuna pa kukanyaga: watu, marobota, baiskeli za mizigo, wasichana wanaopiga makofi kuita wateja. Loyce alipita katikati akipiga kelele kwa Kiswahili, "Pisheni! Pisheni!" na watu wakapisha, maana sauti ya mtu aliyedhamiria haihitaji mkalimani. Mtu mmoja akamuuliza Kimani kama wanauza. "Bado," alijibu Kimani, anahema.

Kwenye geti la ghala mlinzi akaliona jiko, akanyoosha mikono yote miwili. "Bu xing! Bu xing!" Haiwezekani. Na haki yake, maana ndani ya geti maghala ya jirani yalijaa nguo na makaratasi mpaka darini. Loyce hakubishana. Akageuza kitoroli, akaliweka jiko chini nje, kwenye sakafu ya saruji mbali na kila kitu, kisha akavuta pumzi.

"Mzee Isidori! Njoo uwashe moto!"

Mzee alikuwa amesimama nyuma ya lori anaangalia katoni zinavyoingia. Akageuka. Akamwona Loyce amepiga magoti barabarani na kanga kiunoni, Kimani na kikaango, makuli wamejaa wakishangaa. Akaja polepole na magoti yake mabovu.

"Wewe mwanamke una kichaa," alisema kwa sauti ndogo.

"Ninacho tangu kuzaliwa. Washa."

"Ungewasha tu kule. Mimi ningejuaje?"

"Washa, Mzee, viazi vinaharibika!"

Akainama, akazungusha kitufe. Upepo ukazima. Akazungusha tena, ukazima. Makuli wawili, hawajui hata kinachoendelea, wakaleta katoni tupu, wakazisimamisha mbali kidogo kuzuia upepo. Mara ya tatu moto ukakaa.

Loyce alikamua viazi upya, akajaribu mafuta kwa tone la kiazi, likachemka na kulia. Akaweka chapati nne. Yeye aliyezoea kupimana nguvu na malaoban sasa alikuwa anaogopa, na hakuona aibu. Vipi kama kuna sheria nyingine ambayo Mzee amesahau kuitaja? Vipi kama atatoa kile kikombe? Pembe zikawa za kahawia. Akageuza. Akasubiri. Akatoa ya kwanza kwenye karatasi mpya, akamnyooshea kwa mikono miwili, kama kwao wanavyompa mkubwa.

Mzee akaipokea kwa mikono miwili. Akasema maneno machache ya lugha yao, midomo ikicheza. Akauma, na ule mlio ukasikika mpaka kwa dereva wa lori. Akatafuna macho yamefumba. Akauma tena. Akaimaliza yote, akalamba vidole. Loyce alishikilia mwiko mpaka vidole vikauma.

Mzee akafumbua macho.

"Chumvi imepungua."

"Ai, Mzee!" Kimani alipiga kelele. "Mama wa watu amesukuma kitoroli Shahe nzima!"

Lakini Loyce alikuwa amekwisha kukaa chini kwenye saruji, anacheka, na machozi yanamtoka asijue ayafutie wapi. Miaka mitatu mtu huyu amemwambia asante sana, asante mno. Mgeni ndiye anayeshukuru. Mgeni hata ukimpa mchuzi wa maji tupu atasema ni mtamu. Anayekwambia chumvi imepungua ni mumeo, ni kaka yako, ni mtoto uliyemzaa, mtu anayejua kesho atakula tena kwako.

Akajifuta uso kwa mkono, akanyunyiza chumvi kwenye bakuli, akachanganya.

"Ngoja hii inayofuata," alimwambia Mzee. "Na usinipigie kelele jikoni kwangu."