Adui Mwenye Hatajwi Jina

Hapana, mwanangu! Usiseme tena kama Maman Faida alikuwa muoga. Weye ulizaliwa Zaïre imekwisha, basi acha maswali, funga kinywa kidogo, sikiliza.

Nakumbuka siku moja ya shirika, kwetu Cimpunda. Kila juma majirani tulikutana mu nyumba ya mumoja wetu, tunasoma Biblia, halafu kila mutu anasema neno limemugusa wapi. Ile siku tulisoma kilio cha mutu mwenye adui wanamuwinda sawa ndege, na hajawakosea kitu. Mimi nilikuwa kijana, damu moto. Tonton wangu, ndugu ya mama, waaskari walimukamata ku bariere yao ya njiani pale Sange, alikuwa angali amefungwa mu kasho. Nikasema mu roho: hii ndege ni tonton!

Kulikuwa baba mumoja mugeni, amehamia toka Bagira. Viatu vinang'aa, na Cimpunda yote ni matope. Akauliza pole pole:

—Wapendwa, adui wetu wa leo ni nani? Tumutaje jina, tumuombee.

Nikasimama. Jina la komanda wa ile bariere lilikuwa tayari ku ulimi. Maman Faida, mwenye alikuwa anaongoza maombi, akanivuta shati mpaka nikaanguka ku kiti. Akamugeukia mugeni:

—Papa, kwetu mwenye analeta pombe ya kasiksi njo anaionja wa kwanza, watu wajue haina sumu. Weye umeleta swali. Onja.

—Mimi? Mimi sina adui, maman.

—Ayi! Basi hiki kilio hakiko chako. Acha tulie sisi.

Watu wakacheka. Yeye pia akacheka, lakini macho hapana. Hakurudi tena. Alikuwa mupelelezi? Sijui mpaka leo. Najua tu tonton alitoka muzima, na kama ningesema, tungemuzika. Mwenye atamutukana ule maman mbele yangu, tutapigana, hata na haya magoti yangu mabovu!

Kiisha maombi Maman Faida aliniambia: «Soma vizuri. Ule mutu analia mpaka sauti inakatika, lakini adui hawataji. Mungu anawajua. Mwenye anatafuta jina ni mwingine.»

Basi, mwanangu, kulia mbele ya watu haiko haya. Lia. Lakini jina, mupe Mungu peke yake. Ulimi hauna mufupa, ila unavunja mifupa ya wenzako. Wenye kukuwinda wapotelewe na njia yako, na Mungu akulalishe salama.

Sasa unijibu: haya maswali yako yote, nani amekutuma?