Pole ya Mwenye Duka

Wifi yangu ana duka la dobi kwenye kona, mkabala na kituo cha mafuta, na anapenda kuwaambia watu kwamba dukani kwake hakuna bosi. "Hapa sisi ni familia," husema, huku mpiga pasi wake amesimama nyuma ya pazia tangu asubuhi na yeye amekalia kiti pekee kilichomo. Mimi nimeolewa na kaka yake, kwa hiyo nina ruhusa ya kumtania, na sijawahi kuiacha ruhusa hiyo ikae bure. "Familia gani," humuuliza, "ambayo mama ni mdogo kuliko mtoto?" Maana mpiga pasi amemzidi umri, ana mabinti wakubwa, lakini humwita wifi "mama", na wifi huitikia bila hata kupepesa jicho.

Sisemi kwamba ni mtu mbaya. Roho anayo. Kabla ya duka alifanya kazi za ndani nchi za watu, kwenye nyumba mbili. Nyumba ya kwanza walikuwa wakimwita kwa kupiga makofi, na chakula chake alikila jikoni, amesimama, baada ya wote kushiba. Ya pili, kwenye nchi ya baridi, walikuwa watu wa "tafadhali" na "asante" kwa kila kitu, siku yake ya mapumziko hawaigusi. Na bibi wa nyumba hiyo, ambaye wifi ndiye aliyekuwa akimtunza, alipofariki, walimpa maua na kumwambia chumba kinahitajika kesho yake. Alirudi na akiba kidogo, pamoja na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kilichopinda. Kijana wa ile nyumba ya kwanza alikibana na mlango wa gari. Wakampa saa, wakampa manukato, wakampa hadi mkoba wa ngozi. "Ila kuniomba radhi," husema kila tukikutana kwenye shughuli za ukoo, amekiinua kile kidole, "hilo liliwashinda."

Basi pasi ya dukani ikaanza kuharibika. Ni pasi kubwa ya mvuke, yenye bomba lake, na pale bomba linapoungana na mpini palikuwa pamelegea. Mpiga pasi alisema. Nilikuwepo, nimekuja kuchukua suti ya mume wangu.

"Mama, hii pasi inatema maji ya moto. Jana imenikosa kidogo tu."

"Funga kitambaa kwanza. Fundi nitamwita nikishamaliza hili la bango."

Bango ndilo lililokuwa moyoni mwake wakati huo, jina la duka kwa taa za rangi. Mpiga pasi akafunga kitambaa. Baadaye akasema tena, kwa sauti ya chini zaidi, akaambiwa avumilie kidogo. Bango likapanda, likawaka, tukapiga picha nje. Haukupita muda bomba likachomoka, na mvuke ukamuunguza mkono wa kulia kuanzia kiganja hadi karibu na kiwiko.

Wifi alihangaika kweli, nisimsingizie. Alimkimbiza zahanati, akalipa kila kitu, akamfikisha nyumbani kwake na mfuko wa matunda. Njia nzima, nami nikiwa nao, alikuwa akisema, "Pole, jamani. Pole sana. Pole, mama yangu." Na mpiga pasi, mkono umejaa malengelenge, alijibu kila mara kama anavyojibu mtu aliyelelewa akaleleka: "Asante, mama. Nimeshapoa."

Ile asante ndiyo iliyonikaa kooni. Tuliporudi dukani nikasema, "Wifi, mtu akinyeshewa, jirani ndiye anayempa pole. Umewahi kusikia mvua ikitoa pole?"

"Una maana gani?"

"Wewe ndiye mvua."

Alinijia juu. Amelipa, amempa mapumziko, mshahara unaendelea, nataka apige magoti? Kwani yeye ndiye aliyemuunguza? Nikamwacha amalize. Halafu nikamjibu, tena kwa ukali kuliko nilivyokusudia, "Na wewe walikupa saa."

Akakifumbata kile kidole chake, na jioni ile tukaachana hivyo hivyo.

Tangu hapo alikosa raha. Alinunua pasi mpya. Akanunua kiti cha nyuma ya pazia, akanunua na feni, kila kitu ananiita nije nione, na mimi kila mara namuuliza, "Umemwambia?" Alikwenda kumjulia hali zaidi ya mara moja. Anafika mlangoni na neno mdomoni, linatoka "pole", anapokea "asante", anakunywa maji ya watu, anarudi.

"Mwenzangu," aliniambia siku moja, anakunja mashuka bila kuniangalia, "nilijua. Aliponiambia mara ya pili nilijua ile pasi itamuunguza mtu, nikajiambia, si mimi ninayeishika. Yule kijana angalau hakukiona kidole changu. Mimi niliambiwa." Akalia. Nikashika ncha ya pili ya shuka, tukakunja pamoja.

Mpiga pasi aliporudi kazini, nami nilikuwepo, ngozi ya mkono ilikuwa bado laini, imekaza kwenye kifundo cha mkono. Wifi alikigeuza kibao cha mlangoni kisomeke "Tumefunga". Akakivuta kiti chake mwenyewe, kile cha kaunta, akamwambia akae. Yeye akabaki amesimama.

"Naomba unisamehe," alisema. "Kosa ni langu. Uliniambia, nikapuuza. Nisamehe."

Nilishusha pumzi. Mpiga pasi alikitazama kile kibao, akakitazama kiti alichokalia, akageuka kuitazama pasi mpya nyuma ya pazia. Kisha akaanza kufungua aproni. Akaikunja vizuri, pindo juu ya pindo, akaiweka juu ya kaunta.

"Mama," alisema taratibu, "kama ni mkono, umeshapona. Tazama." Akaukunja na kuukunjua mbele yetu, midomo ameibana. "Usiniachishe kazi. Habari ya ile pasi sijamwambia mtu yeyote, naapa."

"Nani kasema nakuachisha? Nakuomba msamaha tu! Nakuomba msamaha!"

"Ndiyo, mama."

Lakini macho yalikuwa bado kwenye kibao. Huko alikopita, nadhani, mwajiri aliyeanza na msamaha alimalizia kwa kumwonyesha mlango. Wifi akaenda kukigeuza haraka, akamrudishia aproni, akasema mambo mengi yasiyo na kichwa wala miguu, na kadiri alivyozidi kuomba ndivyo mwenzake alivyozidi kuogopa.

Mwishowe mpiga pasi aliinuka mwenyewe. Akalisogeza pazia lote pembeni ili tumwone, akawasha pasi, akavuta kapu la mashati. Akaanza kunyoosha kwa mkono ule ule, shati baada ya shati, upesi upesi, jasho linamtiririka shingoni. Wifi alifungua mdomo amzuie, kisha akaufunga, kwa sababu neno lililokuwa likimjia lilikuwa "acha", na mpiga pasi angesikia "acha kazi". Tukabaki tumesimama kwenye kaunta, tunamtazama akipiga pasi.