Fireman wangu nusura atupikie vifaranga ndani ya brooder

Wakuu, sasa. Ninayowaambia ni kweli tupu. Mkiona herufi zimeruka nivumilieni, haya ni macho ya kukhu, nyanya yenu wa miaka themanini na kitu.

Nimesoma huku vijana mkigombana bulb ya brooder, hilo sanduku la joto la vifaranga, iwe ya watts ngapi. Nimecheka peke yangu. Mimi nililea vifaranga hapa Nakuru miaka ya hamsini na sikuwa na stima.

Nilikuwa nimeolewa juzi tu. Mzee wangu Wafula alikuwa fireman wa reli, yule wa kuchochea moto wa injini ya treni. Tulikaa chumba kimoja kwa nyumba za reli.

Siku ya harusi mama mkwe alinishika mkono mbele ya watu akasema, "Krismasi nitakuja kwako. Nitakula kuku uliyemlea wewe, si wa kununua."

Kwetu Bukusu hiyo si salamu, ni mtihani. Bibi arusi akikosa kuku wa mama mkwe ataongelewa mpaka siku ya mazishi yake.

Sasa kuku nitatoa wapi? Huko Njoro kulikuwa na shamba la mzungu, wanataka vifaranga wa kike pekee, wa kutaga. Wa kiume wanatupwa. Jirani yangu alifanya kazi huko, akaniletea karatoni nzima. Wanalia tu, mama hawana.

Ilikuwa mwezi wa saba, na baridi ya Nakuru ya mwezi wa saba mnaijua.

Nikachukua sanduku la majani chai, nikatandika maranda ya mbao, nikaning'iniza taa ya chemni katikati. Juu nikafunika gunia, nikaacha nafasi ya hewa. Utambi niliushusha kabisa. Vifaranga wakatawanyika wakalala.

Wafula akatoka kazini, akachungulia.

Kumbukeni huyu ni mtu ambaye kazi yake yote ni kuhakikisha moto haushuki. Akiona moto mdogo, kwake injini imekwama kwa mlima wa Mau. "Hawa watakufa baridi," akasema, akapandisha utambi.

Nikashusha. Nikaenda mferejini, kurudi napata amepandisha tena. Vifaranga wamekimbilia kona, midomo wazi, mabawa yameanguka.

"Ona vile wanaimba," ananiambia.

Mmoja alikuwa amekufa tayari. Nililia, wakuu. Niliona Krismasi yangu inakufa naye.

Halafu nikakasirika. "Wafula, ingiza kichwa ndani."

"Kichwa gani?"

"Chako."

Akapiga magoti akaingiza, mimi nikafunika gunia. Majirani wote wakatoka kuangalia. Alipotoka alikuwa na jasho mpaka shingoni, maranda yamejaa kwa ndevu. "Huko ndani ni kama injini," akasema pole pole. Akashusha utambi mwenyewe.

Tangu hapo nikapokonywa kazi. Alitoboa sanduku matundu ya hewa. Kanuni yake nawapa bure: wakirundikana chini ya taa, wana baridi. Wakikimbilia kona, unawapika. Wakitawanyika wakalala, steam iko sawa, toa mkono.

Akitoka kazini anawasalimia wao kwanza, mimi baadaye. Akawapa majina ya stesheni: Njoro, Molo, Londiani, Timboroa. Hapo ndipo shida ilianzia.

Krismasi mama mkwe akafika. Majogoo walikuwa weupe, wamesimama vizuri. Nikampa Wafula kisu.

"Molo hapana," akasema. "Molo ananijua."

Londiani pia hapana. Njoro ni mgonjwa, eti. Mama mkwe amekaa hapo hapo anasikia yote, na mimi natamani ardhi inimeze. Kwetu mwanamke hachinji kuku mwanaume akiwa nyumbani. Mwishowe nikaita mume wa jirani akachinja Timboroa, na Wafula akaenda kutembea.

Nikapika. Firigisi, ile mnaita imondo, ni ya mwenye nyumba, kwa hivyo Wafula aliporudi nikamwekea. Aliitazama, akasukuma sahani. "Mama, mimi siwezi. Nimemlea."

Mama mkwe akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Kumbe majirani walishamwambia ile ya kichwa kwa sanduku. "Umelea wewe? Wewe ungechoma hata nyumba."

Akachukua ile sahani, akaiweka mbele yangu.

"Kula, mwanangu. Nikiwa na umri wako sisi wanawake hatukuruhusiwa hata kuonja kuku. Kula nikuone."

Nilikula nikilia, yeye ananitazama mpaka nikamaliza. Siku hiyo ndio nilijua nimeolewa.

Somo ni hili: usitazame taa, tazama vifaranga. Na Molo, kabla hamjauliza, alikufa kwa uzee. Wafula alivaa koti kumzika.

Haya, na wewe, ni siku gani ulijua mama mkwe amekukubali? Niandikieni hapa chini. Nasoma pole pole, lakini nitasoma zote.